Baba anasema safari zangu ndizo zinanifelisha

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 23, nasomea uhasibu na nafanya mitihani ya kitaaluma ya ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu. Kwa asiyeifahamu, ni pepa 13. Ukipata alama 50 umefaulu, ukipata 49 unarudia. Ukiacha zile za mwanzo, mitihani inakuja mara nne tu kwa mwaka: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Nimefaulu tano, zimebaki nane.

Nne za mwanzo, zile za kuchagua jibu, nilizipita bila kurudia hata moja. Mambo yalibadilika nilipofika kwenye pepa za kujieleza. Desemba nilipata 44, na hapo nilikuwa nimejifungia ndani miezi miwili sijaenda popote. Nilirudia Machi nikapata 51. Mara hiyo mwenzangu wa darasani alinisaidia sana, tulikuwa tunapeana maswali ya mitihani iliyopita kila jioni. Juni nikaingia kwenye ukaguzi wa hesabu, nikapata 47.

Sasa nikueleze kuhusu safari zangu. Karibu kila mwezi, Ijumaa jioni, nabeba begi moja na marafiki wawili, tunapanda basi kwenda mji tusioujua, Jumapili tunarudi. Hatulali pazuri wala hatununui vitu. Tunafuata chakula. Tukifika tunauliza wenyeji wanakula wapi, tunakaa nao kwenye benchi, tunakula wanachokula. Nina daftari ninaloandika kila kitu: nani kapika, katumia moto gani, nini kilitangulia kuingia sufuriani na kwa nini. Hakuna kitu kinachonirudishia akili kama hicho. Ila kila safari nabeba na kitabu cha masomo. Sisomi zaidi ya kurasa tatu, lakini kila nikifungua begi nikakiona, moyo unanisuta.

Mtihani wa Juni ulikuwa Jumanne. Wikendi iliyotangulia tulisafiri. Jumamosi mchana tulikula nyama ya kuchoma na mboga mbichi, Jumapili tukala kituoni njiani, na mmoja wetu alitapika kwenye basi. Jumatatu usiku tumbo likanianza mimi. Niliingia kwenye chumba cha mtihani sijalala, nikaomba ruhusa ya kutoka mara mbili, na swali la mwisho nililiacha katikati.

Baba ndiye anayenilipia ada. Matokeo yalipotoka hakufoka. Alisema kwa upole, na ndiyo maana imeniuma zaidi: "Mwanangu, hizi safari ziache mpaka umalize pepa zote." Nikifanya pepa moja moja hiyo ni miaka miwili. Mtihani wa kurudia ni Septemba, zimebaki wiki sita, na marafiki zangu wameshapanga safari nyingine wikendi ile ile inayotangulia wiki ya mtihani. Wanataka jibu.

Shangazi, ni kweli safari ndizo zinanifelisha? Niache kabisa? Ninasoma kweli, usifikiri ni mvivu. Kitabu cha ukaguzi nilikisoma chote mara tatu, nikapiga rangi kila ukurasa.

Mwenye Begi Moja

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Najua alama tatu pungufu zinauma kuliko thelathini pungufu.

Nianze na linalosubiriwa: safari ya Septemba usiende. Wajibu wenzako leo hii wasikupangie nafasi. Lakini sikwambii uache kusafiri miaka miwili, kwa sababu barua yako yenyewe inakataa kwamba safari ndizo zinakufelisha.

Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Desemba ulijifungia ndani, ukapata 44, alama ya chini kuliko zote ulizonitajia. Machi na Juni hukuacha kusafiri, ukapata 51 na 47. Wewe unasomea ukaguzi, jiulize: kwa ushahidi huu ungesaini kwamba safari ndiyo chanzo? Safari ya Juni ilikuharibia siku ya mtihani, hilo halina ubishi na nitalirudia. Desemba hakukuwa na basi wala nyama ya kuchoma.

Kilichokuwa tofauti Machi umekitaja kwa sentensi moja ukapita. Kila jioni ulikuwa unajibu maswali. Kwa ukaguzi unaniambia ulisoma kitabu mara tatu na kupiga rangi. Mwanangu, hapo ndipo alama zako zilipovujia.

Kuna jaribio moja ningependa ulijue. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikuwa na vipindi vinne vya kukisoma. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, na vipindi vitatu vilivyobaki likafunika karatasi na kuandika kila linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma vipindi vyote vinne walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, hao hao walikumbuka asilimia 40, na wale waliojijaribu walikumbuka asilimia 61. Na kinachonigusa zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Kurudia kusoma kunakupa hisia ya kujua. Ukurasa unaufahamu kwa sura, rangi zako unazifahamu, unadhani umeelewa. Chumba cha mtihani hakikuonyeshi ukurasa, kinakuachia nafasi tupu uijaze.

Ndiyo maana pepa za kuchagua jibu hazikukusumbua. Pale jibu liko mbele ya macho, unalitambua tu. Kwenye ukaguzi, alama 30 ni za kuchagua na 70 ni za kuandika: swali moja la alama 30 na mawili ya alama 20. Una saa 3, yaani dakika 180 kwa alama 100, kwa hiyo kila alama ina dakika 1.8. Swali la alama 20 lina dakika 36, la alama 30 lina dakika 54. Je, uliwahi hata mara moja kukaa na saa ukaandika jibu kamili la dakika 36 kabla ya Juni? Hukuniambia, na nahofia jibu ni hapana. Tumbo lilikunyima muda, ni kweli, lakini mtu aliyezoea mwendo huo angegawanya muda aliobaki nao, akaliachia kila swali dakika zake, badala ya kuliacha la mwisho katikati.

Sasa nikuonyeshe kitu kilichonifurahisha kwenye barua yako. Daftari lako la chakula. Umesema unaandika nani kapika, kwa moto gani, nini kilitangulia na kwa nini. Ukiulizwa kwenye pepa mkaguzi atafanya nini kuhusu wadaiwa, wanafunzi wengi wanaandika "kuangalia wadaiwa" au "kuhakikisha salio ni sahihi", halafu wanashangaa alama zimekwenda wapi. Jibu linalolipa linasema tendo, linasema ushahidi unatoka wapi, linasema kwa nini: chagua sampuli ya wadaiwa kutoka kwenye leja, yaani daftari la hesabu, waandikie moja kwa moja wathibitishe salio la siku ya kufunga hesabu, ili kupata ushahidi kwamba deni lipo kweli. Hebu linganisha na unavyoandika habari za sufuria ya mtu usiyemjua. Ni mkono ule ule. Tayari unaweza kuandika hivi, hujawahi tu kuupeleka ufundi huo upande wa masomo.

Na ukiulizwa hatari za ukaguzi, kumbuka unajibu kama mkaguzi. Kosa linalowaangusha wengi ni kueleza kampuni irekebishe vipi hesabu zake, wakati swali linataka mkaguzi afanye nini ili asidanganyike. Ripoti za watahini hutolewa baada ya mitihani, zisome. Mtahini anakuambia mwenyewe wanafunzi wamekosea wapi.

Kwa wiki sita hizi fanya hivi. Mtafute yule mwenzio wa Machi, hata kwa simu. Kila siku ya masomo jibu swali moja la kuandika ukiwa na saa, kitabu kimefungwa, kisha ndipo ufungue na kujisahihisha. Usione aibu majibu ya mwanzo yakiwa mabaya, hapo ndipo kujifunza kunapofanyika. Wiki mbili za mwisho fanya mitihani kamili ya saa 3, angalau minne, saa ile ile utakayofanyia mtihani wako. Kalamu ya rangi iweke kabatini.

Tuje kwenye safari. Sipendi zichukuliwe kama anasa unayoiba. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Sabine Sonnentag, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyorudisha nguvu baada ya kazi. Yeye na Charlotte Fritz, mwaka 2007, walitaja mambo manne yanayompumzisha mtu: kuiacha kazi kichwani na si mwilini tu, kutulia, kujifunza jambo jipya lisilo la kazi, na kuwa na uhuru wa kupanga muda wako. Wikendi zako zina matatu kati ya hayo kwa wingi. La kwanza unaliua mwenyewe kwa kile kitabu begini. Husomi, na hupumziki. Unarudi Jumapili na kurasa tatu na dhamiri iliyochoka. Safari ijayo kiache nyumbani. Nasema hivi nikijua baba yako hatalipenda, lakini kitabu kisichofunguliwa hakijawahi kumfaulisha mtu.

Tena safari ikiwekwa mahali pake inasaidia masomo. Tangu Hermann Ebbinghaus alipojipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, imejulikana kwamba kusahau kunakwenda kasi sana mwanzoni, na kwamba kujifunza kwa kuachia nafasi katikati kunashinda kujifunza kwa mkupuo. Kwa hiyo mada ngumu isome Alhamisi, ijibie swali Ijumaa asubuhi, nenda zako, kisha Jumatatu kabla hujafungua kitabu jibu swali jingine la mada hiyo hiyo. Utaona umesahau baadhi, utahangaika kuyavuta, na hangaiko hilo ndilo linaloyakaza. Siku mbili ulizokuwa barabarani zimekuwa sehemu ya kujifunza. Sharti ni moja, urudi Jumapili mapema ukalale. Usingizi ndio unaoyapanga uliyojifunza, na mtu anayeshuka basini saa sita za usiku amepoteza na Jumatatu yake.

Ndani ya wiki hizi sita nakuruhusu safari moja, mwishoni mwa wiki ya pili. Baada ya hapo hakuna mpaka umalize mtihani.

Naona umeishaihukumu ile nyama ya Jumamosi. Mimi sithubutu. Sumu inayoachwa kwenye chakula na bakteria aina ya Staphylococcus inaweza kukuangusha ndani ya nusu saa hadi saa 8. Virusi vya norovirus vinachukua saa 12 hadi 48. Bakteria aina ya Salmonella wanaweza kujitokeza baada ya saa 6 au baada ya siku 6, na wale wa Campylobacter kwa kawaida siku 2 hadi 5. Wewe ulianza kuumwa Jumatatu usiku. Inaweza kuwa nyama, zinaweza kuwa zile mboga mbichi, kinaweza kuwa chakula cha kituoni, na inawezekana kabisa ulichukua kwa rafiki yako aliyetapika mkiwa basi moja, kwa sababu norovirus inapita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kwa wepesi wa ajabu. Watu wengi humlaumu mpishi wa mwisho, na mara nyingi wanamwonea.

Kutokana na muda huo wa siku kadhaa, sheria yako iwe hii: siku saba kabla ya mtihani kula chakula ambacho tumbo lako linakijua, kilichopikwa na mtu unayemjua. Hapo hakuna kuonja kipya, hata kiwe kitamu namna gani. Laiti safari ya Juni ingekuwa wiki mbili nyuma, ungeumwa, ungepona, na ungeingia mtihanini mzima.

Siku nyingine zote endelea kukaa kwenye benchi za watu. Siamini kwamba chakula cha wenyeji ni cha kuogopwa. Mahali penye foleni, chakula kinaisha na kupikwa kingine, mara nyingi ni salama kuliko meza nzuri ambayo sahani zimekaa tangu asubuhi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kiive mpaka katikati kifikie nyuzi joto 70, kisikae nje zaidi ya saa 2 baada ya kupikwa, na kisiachwe kati ya nyuzi 5 na 60, maana hapo ndipo vijidudu vinapozaana. Huna haja ya kipimajoto. Kula kinachotoka motoni mbele ya macho yako na kinachofuka mvuke. Ulishazoea kutazama moto wa mpishi, basi tazama na mikono yake, na uone kama kisu cha nyama mbichi ndicho kinachokatia mboga. Mboga mbichi na barafu ndivyo vya kujihadhari navyo ugenini, kwa sababu hujui maji yake. Tunda ulimenye mwenyewe. Na osha mikono kwa sabuni, si kunawa kwa maji tu.

Beba pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, hazijazi begi. Ukizikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vipimo vya usawa, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye choo, au homa kali, au unasikia kizunguzungu na mkojo umepungua, nenda hospitali, usinunue dawa ya kufunga tumbo ukanyamaza. Na ukiumwa hivyo usiku wa kuamkia mtihani, siku nyingine usiingie kimyakimya. Soma mapema sheria za mitihani yako zinasemaje kuhusu mgonjwa na cheti cha daktari, ukiwa na afya na akili imetulia.

Limebaki la baba. Alisema kwa upole kwa sababu anaogopa, na anachokiona ni kimoja tu: mtoto anatoka na begi, matokeo yanarudi mabaya. Hajui habari za maswali wala za kupiga rangi. Usiende kubishana naye kuhusu safari. Nenda na karatasi. Mwonyeshe Desemba, Machi na Juni kama zilivyo, na mwambie bila kuficha kwamba safari ya Juni ilikuwa kosa lako la kupanga. Mwambie: "Baba, nilikuwa nasoma vibaya, na hii ndiyo namna nitakavyosoma." Kisha kila Jumapili jioni mwonyeshe majibu uliyoandika wiki hiyo pamoja na alama ulizojipa. Mzazi anayelipa ada anastahili kuona kazi kabla ya matokeo. Hiyo safari ya wiki ya pili mwombe ruhusa. Akikataa, mwanangu, ikubali hiyo moja. Ni wikendi moja, na matokeo ya Septemba ndiyo yatakayokusemea mbele yake.

Wenzako waambie wasiifute safari yao kwa ajili yako. Waombe tu wapange nyingine, waondoke Ijumaa ya wiki ile ile ya mtihani wako, jioni, ukiwa umeshaweka kalamu chini. Beba daftari la chakula peke yake.

Shangazi yako